Sarini ni ndugu wa dawa ya pamba

Juzi mnadani Magu nimeona dawa ya pamba ikimiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa, meza ya pili yake wanapanga dagaa. Nikamwambia muuzaji kwamba dawa za aina hiyo nyingi ni ndugu wa sarini, sumu ya vita inayoshambulia neva. Akanijibu, "Dada, hayo mambo ya vita yako huko Uarabuni." Hasira hazijaniisha.

Sarini haikuanzia kambini. Gerhard Schrader, mkemia wa kampuni ya IG Farben ya Ujerumani, alikuwa akitafuta sumu ya wadudu wa mazao. Mwaka 1936 akapata tabuni, sumu nyingine ya neva, na 1938 yeye na wenzake wakapata sarini, jeshi likazichukua. Huyohuyo ndiye aliyetengeneza parathioni, sumu ya shambani. Profenofosi, inayopigwa kwenye pamba, ni ya ukoo huo.

Na zinaua kwa njia moja. Neva ikitaka msuli ukaze, hutoa kemikali ya kupeleka amri, asetilikolini. Kisha kimeng'enya huifuta ili msuli ulegee. Sumu hizi hukikamata kimeng'enya hicho, amri ikawa haikomi. Mboni zinasinyaa, mate, jasho na kamasi vinatoka bila kukoma, tumbo linaachia, misuli inacheza yenyewe, kifua kinajaa majimaji, mwisho pumzi inakata. Machi 1995, kikundi cha kidini cha Aum Shinrikyo kilipoachia sarini kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, watu wengi walifika hospitali wakisema wanaona giza mchana. Madaktari waliwachoma atropini, dawa inayokausha mate na majimaji ya kifua. Atropini hiyohiyo ndiyo anayoihitaji kijana wa Kwimba aliyepiga dawa kutwa kifua wazi, pampu inamvujia mgongoni, jioni akaanza kutapika na kutokwa mate.

Sawa, sarini ina nguvu mara nyingi zaidi, na funza wa vitumba hawaondoki kwa maombi. Mkulima apige dawa. Lakini auziwe kwenye chupa yake, na lebo yake, si kwenye chupa ambayo mtoto ataifungua akiwa na kiu.

Na kila zahanati ya vijiji vya pamba iwe na atropini ya kutosha, maana mgonjwa mmoja anaweza kumaliza vichupa vingi. Mtu akipatwa, mvueni nguo, muogesheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni, na chupa ya dawa mwende nayo. Tabibu anaisoma lebo ajue amtibu nini, kwa sababu si kila sumu ya shambani inatibiwa kwa atropini. Chupa ya maji ya kunywa atasoma nini?