Johannes Anyuru na lile swali la "kwa nini umerudi?"

Johannes Anyuru, mwandishi wa Sweden, huku kwetu Tanzania wengi hatumjui, na ni ajabu kidogo, maana sisi wenyewe tumo kwenye kitabu chake. Kazaliwa Borås, Sweden, 1979, mama Mswidi baba Mganda. Alianza na mashairi, diwani ya kwanza 2003, akaichukua vita ya Troya ya Homer, yule mshairi wa Wagiriki wa kale, akaishusha kwenye maghorofa ya zege ya vitongoji vya kwao, baadae akasilimu, 2017 akabeba tuzo ya August, tuzo ya vitabu ya Sweden ambayo kule si mchezo. Sawa, hongera yake.

Mimi nimeng'ang'ania riwaya yake ya 2012, ile ya baba yake. Mzee alikuwa Ugiriki anasomea urubani wa ndege za kivita, Januari 1971 Amin akapindua, mzee akagoma kurudi Uganda akaja zake Zambia kutafuta kibarua cha kurusha vile vindege vya kunyunyizia mashamba dawa. Akadakwa, akaletwa Tanzania. Na kwenye mahojiano swali ni hilo hilo, kwa nini umerudi Afrika? Anajibu kazi. Haaminiki, anaulizwa upya.

Sasa sisi tuliokuzwa na sifa za Mwalimu kupokea wakimbizi, hapo lazima ujikune kichwa. Lakini hebu kaa kwenye kiti cha yule anayehoji: Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, yuko Tanzania kapewa hifadhi, Amin hakaliki naye, 1972 wafuasi wa Obote wanavamia kutokea kwetu na wanachapwa, halafu mbele yako kuna rubani wa kivita wa Uganda anakwambia kaja kupulizia dawa miti. Hata mimi ningemuuliza mara mbili. Ila kumuuliza ni kitu kimoja, kumfungia ni kingine, na hapo siwezi kuitetea serikali yetu.

Kuna atakayesema Anyuru hakuwepo, hata hajazaliwa, kaokoteza kumbukumbu za baba akazipamba kishairi, hiyo sio ushahidi. Ni kweli, ni riwaya, usiende nayo mahakamani. Lakini faili la polisi lingekupa jina na tarehe basi, haliwezi kukuonyesha mtu anayesema ukweli mpaka mwenyewe anauona unafanana na uongo.

Ninachokitamani ni kusoma na ya yule wa upande wa pili wa meza, aliyekuwa anaandika majibu.