Soksi Langoni kwa Mfalme

Kazi yangu ni kuchora filamu kabla haijawa filamu. Mwandishi anaandika "lango la kutisha la mfalme", basi, kamaliza. Mbunifu mkuu wa mandhari ananigeukia mimi. Lina urefu gani? La mawe au la mifupa? Naanza na vijipicha vya kijivu, kama ishirini hivi, kutafuta umbo tu. Akichagua kimoja, nakijaza kwa kubandika vipande vya picha halisi na kupaka rangi juu yake. Chini ya lango namchora mtu amesimama, ili mafundi wajue ukubwa.

Usiku ule nilihitaji ukuta wenye ukungu. Ninao: bafuni kwangu. Nikaupiga picha kwa simu, nikaubandika, nikaukoleza giza, nikatuma saa tisa usiku, nikalala fofofo.

Soksi sikuiona.

Ilikuwa imeanikwa kwenye bomba. Ya kijani, ina tundu kisiginoni la kupitisha kidole gumba, nyuzi zinaning'inia. Kwenye giza lile, juu ya lango la mita 8, ilikuwa bendera kabisa.

Wiki mbili baadaye fundi wa seti akanipigia. "Kaka, kile kitambaa cha kijani, nikipima kwa yule mtu wako, kinatoka mita 2. Lile tundu tulitoboe hivyo hivyo na nyuzi zake?"

Jasho likanitoka. Niseme ukweli? Dada wa mavazi alikuwa ameshatia rangi jora zima.

"Hivyo hivyo," nikajibu, kwa sauti ya mtu mwenye maono.

Kilichoniponza zaidi ni mdomo. Kikaoni mwongozaji akauliza tundu lina maana gani. Ningesema limeliwa na nondo, yakaisha. Nikasema: "Ni pale ulipopita mkuki uliomuua babu yake mfalme." Kimya. Mwandishi akafungua daftari.

Msicheke, michoro huwa inaingia kwenye hadithi. Mwaka 1975 Ralph McQuarrie, mchoraji wa filamu ya Star Wars, alipomchora Darth Vader, yule mwovu wa filamu hiyo, alimvisha kinyago cha kupumulia kwa kuwa kwenye muswada ilibidi avuke anga tupu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kinyago kikabaki, na leo huwezi kumfikiria yule jamaa bila kile kipumuo. Tofauti yetu ni ndogo tu: yeye alifikiri kwanza.

Siku ya uzinduzi nilikaa na mke wangu. Bendera ikateremshwa polepole, muziki wa huzuni chini yake. Mfalme akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu. Kisiginoni. Ukumbi mzima kimya, mtu wa nyuma yetu anavuta kamasi kwa majonzi.

Mke wangu akaniinamia sikioni. Kunong'ona hakujui, hajawahi kukujua.

"Si nilikwambia uitupe?"