Nani Kasema 5918 ni Chuma cha Mkoloni?

Kuna video inazunguka wiki hii. Kijana mmoja amesimama kwenye makumbusho ya reli, pale nyuma ya stesheni ya Nairobi, anapigapiga ubavu wa injini 5918 kama anayechagua tikiti maji sokoni, huku akitutangazia kwamba hili ndilo gari la moshi la mkoloni, lile la enzi za simba wa Tsavo. Maoni chini yake usiseme. "Ondoeni takataka za Mzungu." "Uzeni chuma chakavu." Mwingine ameshapiga hesabu ya bei kwa kilo.

Haya, tuanze na simba, maana hao simba wametuchosha. Walikula watu mwaka 1898, reli ilipokuwa inajengwa. Reli ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Klasi ya 59, yaani kundi la injini ambamo 5918 imo, ilianza kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, mwaka 1955. Kama kuna simba aliyewahi kukutana na 5918, basi alikuwa kilembwe cha wale wa 1898, na sidhani alisubiri kuulizwa jina.

Sasa mtu akiita mashine hii takataka, namuuliza kama ameinama akatazama chini yake. Zilijengwa 34, na dunia nzima haijapata injini ya mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja. Tani 252. Urefu futi zaidi ya mia. Nguvu ya kuvuta, ratili 83,350. Na yote hayo juu ya reli nyembamba ambayo ukisimama katikati yake unadhani ni ya mchezo.

Siri yake ni wazo la Mwingereza aitwaye Herbert William Garratt, la mwaka 1907. Kwa injini ya kawaida, boila inakaa juu ya magurudumu, kwa hiyo ukitaka kuinenepesha magurudumu yanakuzuia, na ukiirefusha haipindi kona. Garratt akaichukua boila akaitundika katikati, hewani, kati ya injini mbili, kila moja na magurudumu yake na pistoni zake. Maji na mafuta yakapakiwa juu ya hizo injini mbili, mbele na nyuma. Chini ya boila hakuna kitu, basi inenepe itakavyo, na tanuri lishuke chini litakavyo. Uzito unagawanywa kwenye magurudumu mengi, reli haivunjiki. Kwenye kona kila injini inazunguka kwenye egemeo lake. Njia inayotoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 na zaidi ya mita 1,600 za kupanda, ilihitaji kitu cha namna hiyo hasa. Bandarini Kilindini, Mombasa, mizigo ilikuwa imerundikana miaka hiyo, na hizi injini za Klasi ya 59 zikawa zinapanda nayo tani 1,200 kwa mkupuo mmoja.

Lakini sikuja hapa kusifu mabomba. Nimekuja kwa sababu ya tarehe, na tarehe ni hesabu ya darasa la pili. Zilianza kazi 1955 na 1956. Uhuru, Desemba 1963. Za mwisho ziliondolewa kazini mwaka 1980 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mkoloni alizitumia miaka minane, tisa kwa mbali. Miaka iliyobaki, karibu mara mbili ya hiyo, zilivuta mizigo ya Kenya huru, Uganda huru na Tanzania huru, kwa sehemu kubwa chini ya shirika moja la reli la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake makuu hapa hapa Nairobi. Mahindi yetu, mbolea yetu, mafuta yetu. Sasa nani alimpa mkoloni hatimiliki ya mashine ambayo sisi tuliitumikisha kuliko yeye?

Na hata katika ile miaka minane, aliyekuwa ndani ya kibini ni nani? Gavana? Dereva mara nyingi alikuwa Kalasinga, kando yake faiamani, yaani mtunza moto wa boila, Mwafrika, na baadaye faiamani akawa dereva. Waliolala chini ya tumbo lake na kopo la grisi walikuwa baba zetu na babu zetu, waliokaa kwenye nyumba za relwe kule Muthurwa na Makongeni.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na jirani, mzee wa relwe, ambaye hakuwa na hadithi nyingine ila za 59. Ukimwamkia tu, umekwisha. Alikuwa faiamani. Alisema watu hudhani kwa vile zilichoma mafuta mazito, si makaa, basi faiamani alikaa tu na kukunja mikono. Kumbe jicho halitoki kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi, unapoteza mafuta na dereva anakukodolea macho. Moshi ukipotea kabisa, hewa imezidi, boila inapoa, na mbele yenu kuna mlima. Mkono uko kwenye vali, robo inchi huku, robo inchi kule, usiku kucha. Masizi yakiganda ndani ya mirija ya boila, anachota mchanga kwa sepetu ndogo, anausogeza kwenye tundu la tanuri, na mvuto wa hewa unaunyakua wote. Mchanga unapita mirijani unakwangua, na juu linatoka wingu jeusi ambalo, kwa maneno yake, "ukiwa umeanika nguo, pole mama." Wafanyakazi walikuwa wa zamu mbili: zamu moja kazini, nyingine ikilala kwenye behewa lililofungwa nyuma ya injini. Kulala, anasema. Nyuma ya tani 252 zinazokoroma.

Huyo mzee ukimwambia ile ilikuwa mashine ya Mzungu angekucheka mpaka chai imwagike.

Sawa, shingo upande nakubali: haikununuliwa kwa ajili ya raha yetu. Ilinunuliwa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, na reli hiyohiyo ndiyo iliyopeleka watu wetu kwenye kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road baada ya Operesheni Anvil, ule msako mkubwa wa Nairobi, Aprili 1954. Hilo liandikwe, tena kwa herufi kubwa. Ila kuliandika ni tofauti na kupeleka injini kwa wauza vyuma.

Halafu tazameni majina. Klasi ya 60 ilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru vibao hivyo viling'olewa, kwaherini. Klasi ya 29 ikapewa majina ya makabila, 2921 ikaandikwa "Masai of Kenya", maana lazima tuelezwe Wamasai ni wa wapi. Klasi ya 59 ikapewa milima, na milima haikuhitaji kung'olewa. 5918 ni Mount Gelai, mlima ulioko karibu na Ziwa Natron. 5930 ni Mount Shengena, kilele cha Upare. Yote miwili iko Tanzania, na injini zake ziko Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 tuligawana mabehewa na lawama, majina yakabaki yalipo. Nyinyi mnaotaka tuondoe kumbukumbu za mkoloni, mtaanza na mlima wa Wapare?

Na hao wa bei kwa kilo wajue tumeshauza. Kati ya 34 zimebaki mbili, hizo hizo. Thelathini na mbili ziliyeyushwa, na sijaona aliyetajirika.

Mimi ninachotaka ni kidogo. Kando ya 5918 pawe na ubao wenye majina ya madereva na mafaiamani walioiendesha, wote, Makalasinga na Waafrika. Wazee wachache wa relwe bado wapo, na zamu zao wanazikumbuka. Mwenye simu nzuri aende akawarekodi. Asiende tu saa ya taarifa ya habari, hatajibiwa.