Papa Kuzaa Hakumfanyi Ndugu wa Nyangumi

Nimetumiwa tena ile video: jamaa mwenye sauti nzito, muziki wa kutisha nyuma yake, anatangaza kwamba papa si samaki, ni mamalia, "kwa sababu anazaa." Na watu wamemiminika kumshukuru: asante mwalimu, leo nimeelimika. Jamani!

Tuishughulikie hiyo hoja ya kuzaa, maana ndiyo pekee aliyokuja nayo. Kwanza, si papa wote wanaozaa. Wapo wanaotaga mayai yenye ganda linalofanana na ngozi, na baadhi ya mayai hayo yana nyuzi pembeni zinazojisokota kwenye mwani yasichukuliwe na mkondo. Hao tuwapeleke wapi, kwa ndege? Pili, wanaozaa nao wana vituko vyao. Kuna papa ambao mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na kitoto kinachotangulia kukua huwatafuna nduguze humo humo, mpaka kila mji wa mimba (mama anayo miwili) ubaki na mmoja tu. Haya, nikubali shingo upande: papa nyundo anakaribia karibia, mtoto wake huunganishwa na mama kwa kitovu. Lakini Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaliona hilo kwa jamii fulani ya papa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na bado akawaacha papa kwa samaki, huku pomboo na nyangumi akiwatenga.

Maana akishazaliwa, je? Mama anaenda zake. Hana titi, hana tone la maziwa. Mamalia ni maziwa, ndugu zangu! Platipasi wa Australia anataga mayai, lakini hakuna anayemwita mjusi, kwa sababu vitoto vikianguliwa hulamba maziwa kwenye manyoya ya mama yao. Nge naye anazaa, tena huwabeba wanawe mgongoni. Tumkaribishe?

Mengine hayahitaji hata ubishi. Papa anapata oksijeni majini kwa matamvua, mipasuko mitano hadi saba kila upande. Nyangumi asipopanda juu kuvuta hewa anakufa. Mkia wa papa unapiga kushoto na kulia, wa nyangumi juu na chini. Nywele? Pitisha kiganja kutoka mkiani kuelekea kichwani ukutane na magamba madogo yenye umbo la meno, yanakwaruza kama msasa. Papa mweupe ana joto mwilini kuliko maji yanayomzunguka, sawa, na jodari pia analo.

Linnaeus mwenyewe, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, aliteleza. Mwaka 1758 alipowahamishia nyangumi kwa mamalia, papa aliwatupa kundi moja na vyura na nyoka. Walau yeye hakuwa na intaneti.

Kuna hoja moja tu ambayo ingenikosesha usingizi, na mwenye video wala haijui: samaki si ukoo mmoja uliokaa vizuri. Kamongo, yule samaki mwenye mapafu, yuko karibu zaidi kiukoo na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na papa. Kwa hiyo ukitaka kuvuruga orodha ya samaki, wa kuvutwa upande wetu ni kamongo. Papa anabaki kule kule mbali, na ukoo wake umekuwepo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 400, kabla mamalia wa kwanza hajanyonyesha.