Toleo Sahihi la Yaliyotokea Langoni

Kwa kuwa rafiki yangu wa kitengo cha mizigo amekwisha kusambaza toleo lake, ambalo ndani yake eti nimelia, naomba nieleze mwenyewe yaliyotokea juzi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Sikulia. Lilikuwa vumbi la Bomang'ombe.

Mnaukumbuka ule mkakati mpya wa mawasiliano wa shirika letu la ndege ambao nimekuwa nikiwachosha nao humu. Nguzo yake ya kwanza ni kwamba mfanyakazi apate habari kabla ya abiria, ili asije akaumbuka mbele za watu. Kwenye karatasi hauna kasoro. Ila makao makuu wakibadilisha saa ya ndege, mfumo wa tiketi huwatumia abiria ujumbe wa simu papo hapo bila kumwuliza mtu, ilhali ujumbe wa wafanyakazi husubiri kwanza meneja ausome, arekebishe nukta na mkato, kisha auidhinishe.

Basi nikashika kipaza sauti, nikakohoa kidogo kama mtu aliyeisomea kazi yake, nikatangaza kwamba ndege ya Dar es Salaam itaondoka kwa wakati uliopangwa. Kabla sijamalizia "asanteni", simu zikaanza kulia: moja, tatu, kisha ukumbi mzima. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na kikapu cha maparachichi miguuni, akainuka taratibu akaja mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii, miwani nimeisahau Marangu."

Nikaipokea simu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umeshika kipaza sauti, nacho (ndugu wafuasi, hapa ndipo mnapoombwa kunihurumia) kilikuwa bado kimewashwa. Nikasoma kwa ile sauti ya mafunzoni, yenye upole na kituo kila penye mkato: "Mpendwa abiria, tunasikitika kukuarifu kwamba ndege yako itachelewa kwa saa tatu." Sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye spika za darini, ikinikanusha mimi mwenyewe. Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaendelea, maana mama alikuwa amenikazia macho mdomoni: "Kwa maelezo zaidi, tafadhali mwone mfanyakazi wetu aliye langoni, ambaye ana taarifa kamili."

Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akanirudia.

"Yuko wapi huyo?"

Hata mlinzi wa mlangoni aliinamisha kofia akicheka. Sababu ya kuchelewa ilikuwa ile ya kila siku, ambayo mashirika ya ndege huiandika kwa msimbo wa 93, yaani ndege yenyewe ilikuwa bado haijarudi kutoka safari iliyotangulia. Abiria wakanywa chai, wakaondoka. Ujumbe wa wafanyakazi ulinifikia nikiwa kwenye gari la kurudi nyumbani, tumekwisha kufika Usa River: "Kwa matumizi ya ndani tu. Abiria bado hawajaarifiwa. Tafadhali usitangaze lolote mpaka upate maelekezo."