Saba Mara Nane Mgongoni

Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu atapinga, lakini hiki kisa nakisimulia mimi. Chake atakisimulia mwenyewe.

Kilianzia kiunoni. Jioni moja navua mkanda wa suruali, nakuta mstari mwekundu umeinuka na kunizunguka mzima mzima, kama tuta la kuzuia maji. Na ulivyokuwa unawasha! Ni ule mwasho wa upupu, unaomfanya mtu mzima mwenye heshima zake ajisugue kwenye ukingo wa mlango kama ng'ombe kwenye mti. Nikajikuna. Nilipokuna pakavimba. Nikakuna jirani yake, napo pakavimba. Nusu saa baadaye kimya, ngozi imerudi laini kama hakuna lililotokea, na mimi nimekaa kitandani na mkanda mkononi najiuliza kama nimeota.

Kesho yake ikawa begani, pale unapokaa mkanda wa begi. Keshokutwa shingoni, chini ya kola.

Hapo nikageuka mpelelezi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa sabuni, nikaibadilisha. Wa pili mkanda wenyewe, kwa sababu ni wa ngozi na huenda ngozi ya mnyama ilikuwa na kinyongo. Nikafunga suruali kwa kamba ya viatu kwa siku mbili, mstari ukatoka vilevile, mwembamba zaidi. Nikaacha mayai. Nikaacha samaki. Nikaacha karanga, na hilo liliniuma kuliko mwasho. Mwisho nikatoa godoro juani kuwatafuta kunguni.

"Baba," mke wangu akaniuliza, "ni kunguni gani hao wanaokuuma kwa mstari ulionyooka kama wamepigiwa rula, halafu mimi niliyelala ubavuni mwako wananiruka?"

Lilikuwa swali zuri sana, ndiyo maana sikulijibu.

Usiku wa siku hiyo nikajimwagia maji ya moto, ya moto hasa, kwa sababu kuna mtu aliniambia moto hukata mwasho. Dakika mbili za kwanza nilikuwa peponi. Nikajifuta kwa taulo kwa nguvu kama nasugua sufuria. Nilipojitazama kwenye kioo nilikuwa na mabaka kuanzia shingoni hadi magotini. Nilifanana na ramani, tena ya nchi yenye milima mingi.

Mwenzangu kazini akanihurumia akanipa kidonge chake kidogo cha njano. Sikuuliza jina. (Ndiyo, najua.) Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kilikuwa klorofeniramini, mojawapo ya zile dawa za zamani za aleji zinazokata mwasho lakini zinamlaza mtu fofofo. Mimi nilikimeza dakika ishirini kabla ya kikao. Mwasho ulikwenda, na mimi nikaenda nao. Bosi aliponiuliza lini ripoti itakuwa tayari, nasikia nilijibu, "Amina."

Nikaenda kwa daktari. Nilitoka nyumbani nimevimba vizuri kabisa, ushahidi wa kutosha, nikapanga foleni saa nzima. Nilipoingia na kuvua shati, hakuna kitu. Hata doa. Mnalijua gari linalogonga barabarani kutwa nzima, ukilifikisha kwa fundi linanyamaza? Ndilo hilo.

"Yako wapi?" daktari akauliza.

"Yalikuwepo."

Akaniangalia kwa upole unaotisha. Akaniambia yakirudi niyapige picha. Nikayapiga kesho yake, ila mgongo wako mwenyewe haupigiki picha. Nina picha sita za dari na moja ya sikio.

Wiki iliyofuata nikarudi, na safari hii nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa, maana shule zilifungwa na mama yake aliniachia. Alibeba daftari la hesabu na kalamu, akiwa na maswali ya kuzidisha ya kumaliza. Tukakaa kwenye benchi. Mgongo ukaanza.

"Mpwa wangu, hebu nikune hapo katikati. Kwa kifuniko cha kalamu."

Akaingiza mkono chini ya shati kwa nyuma akakuna. Anakuna vizuri yule mtoto, kwa utaratibu, huku akinong'ona kitu. Nikafumba macho. Sikujiuliza kwa nini mkono wake unakwenda chini, unakata kona, unaruka kidogo, unaanza tena. Zikapita dakika tano hivi, tukaitwa.

Nikavua shati, nikageuka. Kimya nyuma yangu. Kimya kirefu. Nikadhani safari hii hali ni mbaya.

"Hamsini na sita," daktari akasema.

"Samahani?"

"Saba mara nane ni hamsini na sita. Hapa umeandika hamsini na nne."

Mpwa wangu akatazama viatu vyake. Daktari akamwita muuguzi. Muuguzi akaja, akasoma, akatoka mbio na kiganja mdomoni, akarudi na mwenzake. Mimi nimesimama kifua wazi, ubao wa darasa la tatu, nasahihishwa.

Lakini daktari alikuwa amefurahi kweli. Akachukua kile kijiti cha kukandamizia ulimi, akakwaruza mstari mmoja kwenye mkono wangu, akasema tusubiri. Mstari ukawa mwekundu kwanza. Kisha kingo zake zikaanza kuiva. Kisha ukainuka polepole kama maandazi, mpaka ukiupitisha kidole unausikia. Inaitwa dermatografia, ngozi ya kuandikika. Ni aina moja ya urtikaria, yale mabaka ya kuwasha yanayotokea na kupotea, ila yangu yanaletwa na msuguano na mgandamizo: mkanda, begi, kola, taulo. Na kucha zangu mwenyewe. Yaani mwezi mzima nilikuwa nakuna ninachokizalisha.

Alinieleza kwamba chini ya ngozi kuna seli za ulinzi zenye kemikali iitwayo histamini. Zikishtuka zinaimwaga, mishipa midogo ya damu inavujisha maji, pale panavimba na kuwasha. Za kwangu ni walinzi waoga, paka akipita wanapiga king'ora. Kwa nini waoga? Mara nyingi chanzo hakijulikani. Wengine wenye mabaka huyapata baada ya maambukizi, dawa kama penisilini au aspirini, chakula fulani, kuumwa na nyuki, hata baridi. Yangu hayakuhusiana na mayai, samaki, wala karanga. Nililia kidogo kwa ajili ya karanga.

Halafu akawa mkali ghafla. Midomo imewahi kuvimba? Ulimi? Koo kubana, kupumua kwa shida, kizunguzungu cha kuanguka? Mtu akiona hayo pamoja na mabaka hasubiri asubuhi wala hatafuti kidonge cha jirani, anakimbizwa hospitali achomwe adrenalini. Nikasema hapana, ulimi wangu haujawahi kuvimba.

"Wala kuchoka," mpwa wangu akaongeza, akimnukuu shangazi yake.

Nikapewa setirizini, ambayo hailazi wengi kama ile ya njano, na masharti: maji yawe vuguvugu, taulo la kupapasa tu, nguo zisizobana, kucha fupi, losheni isiyo na manukato. Ukiwashwa, weka kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kucha. Hilo la mwisho ni rahisi kuandika. Jaribuni kulifanya saa nane za usiku. Nilipouliza kama naweza kuambukiza mtu akacheka, akasema labda makosa ya hesabu.

Nyumbani mke wangu aliomba kuona. Zilikuwa zimepita dakika arobaini, saba mara nane imekwisha kufutika. Alisikitika sana kuikosa, mpaka akauliza kama inaweza kuandikwa orodha ya vitu vya kununua, kwa kuwa za karatasi huwa nazisahau nyumbani.

Dawa imenikaa vizuri. Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja na shughuli ya tisa mara sita. Akakunja mkono wa shati langu, akakwaruza kwa kifuniko, akasubiri. Akasogea karibu. Akapulizia. Hakikutoka hata kijistari.

"Mjomba," akasema kwa huzuni, akinirudishia mkono wangu, "umeharibika."