Hongera! Programu yako iko tayari

Haya, kwa vile mshkaji wangu ameshairusha ile skrinishoti kwenye kila grupu analolijua, na kwenye toleo lake eti profesa alizima kompyuta akaondoka kwa hasira, ngoja nisimulie mwenyewe. Profesa hakuondoka. Bora angeondoka.

Mnajua mie na SageMath. Kwa wageni humu: ni ile programu huria ya hisabati aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, na uzuri wake haikuandika kila kitu upya, ilizikusanya programu za hisabati zilizokuwepo, GAP, PARI, Maxima, Singular na wenzao kibao, ukaziendesha zote kwa lugha ya Python. Ubaya wake nao ndo huohuo. Huyu kaandikwa kwa lugha ya C, yule C++, Maxima ni Lisp, ukiamua kuijenga mwenyewe kutoka chanzo, yaani msimbo wake, laptopu inapuliza feni masaa na masaa halafu mwishoni inakwambia kuna kitu haijakiona. Wa Windows ndo kabisa, waanze kuweka WSL, yaani Linux ndani ya Windows, ndo waruhusiwe kufikiria hisabati. Basi mie na kiherehere changu nikajitolea: ntaandika skripti moja, yaani faili la amri zinazofuatana zenyewe, unabandika mstari mmoja kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, Linux, Mac, Windows, wote mnaingia. (Mnaosema "si kuna conda", ile ya kusakinishia programu, tulieni, tutafika.)

Nikafunga kila kitu kwenye faili kubwa za tar, yaani vifurushi, moja ya kila mfumo, nikajaribu kwangu, safi. Na kwa furaha nikaweka mwishoni bango la herufi kubwa HONGERA! PROGRAMU YAKO IKO TAYARI, pamoja na mlio wa kengele. Huo mlio naujutia mpaka sahivi.

Siku ya kuionyesha, mkutano wa mtandaoni, watu wamejaa. Profesa mmoja mstaafu, mtu wa nadharia ya namba, mpole kupita kiasi, kajitolea kuonyesha skrini yake ya Windows. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba kijana wangu, niambie nibonyeze wapi." Nikamwambia, kwa sauti ile ya mtu asiyejua kinachomsubiri, Mwalimu wewe bandika tu huo mstari, ukishindwa hapo basi tena. Watu wakacheka. Mie nikacheka kuliko wote.

Akabandika. Taratibu, kwa kidole kimoja. Akabonyeza Enter.

Sasa hapa twende polepole maana ndo penyewe. Folda yake ya Windows ina jina lake kamili, maneno mawili, katikati pana nafasi. Kwenye skripti nimeandika cd $LENGO, yaani nenda kwenye folda yake hiyo, bila alama za nukuu. Bash, ndo inayozisoma hizo amri, ikaona maneno mawili, ikalalamika kwamba umenipa vitu vingi mno, haikwenda popote. Mstari mwekundu ukatokea. Profesa akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, watu wote kimya. Na kwa kuwa sikuweka set -e, ile ya kuiambia skripti isimame ikikwama, yenyewe ikaona ni sawa tu, ikaendelea kufungua lile faili la tar palepale ilipokuwa. Ilikuwa wapi? Kwenye folda ya mitihani ya profesa. Tukaona wote, laivu, folda ya bin imeingia, lib imeingia, include, share, majina yanashuka kama mvua na mimi maiki iko wazi nasema "aah... eeh... Mwalimu..."

Ting! HONGERA! PROGRAMU YAKO IKO TAYARI.

"Asante sana kijana wangu," akasema. Jamani, hakuwa anakejeli! Akaandika sage. Teminali ikamjibu hakuna kitu kama hicho.

Kabla sijameza mate, mdau wa Mac naye akafungua maiki. Mac mpaka leo inakuja na bash 3.2 ya miaka ya 2006, na hiyo haijui declare -A, ile ya kutengeneza orodha yenye majina, niliyotumia kupanga anwani za kushusha. Kwahiyo anwani ya Mac na ya Linux zikaandikwa juu ya nafasi moja, aliyeingia mwisho ndo akabaki, na wa mwisho ni Linux, yaani mwenzenu kashusha gigabaiti za Linux kwenye Mac yake. Ting! HONGERA. Mwingine, ting! Mkutano mzima unapongezwa. Nikasema kwa haraka mbona kwangu inafanya kazi, nikaiendesha, ikafanya kazi, ndo mshkaji akauliza polepole: "We si ulikuwa na Sage tangu zamani?"

Nilikuwa nayo. Skripti ilikuwa inaikuta pale inaruka kila kitu inakwenda moja kwa moja kwenye kengele.

Profesa akatuhurumia, akafungua SageMathCell kwenye kivinjari, haihitaji kusakinisha chochote, akaandika factor(2^67 - 1), yaani nipe vigawo tasa vya namba hiyo. Papo hapo: 193707721 * 761838257287. Akasema Frank Cole aliyezipata hizo mwaka 1903 alizitafuta Jumapili za miaka mitatu, "wewe kijana unataka Jumapili ngapi?" Hapo ndo skrinishoti ilipopigwa.

Basi. Skripti nimeifuta, sahivi maelekezo ni WSL kwa wa Windows, kisha Miniforge inayoleta conda, kisha sage kutoka conda-forge, ghala la vifurushi vyake, haya mmefurahi? Kila badiliko linajaribiwa kwenye mashine tupu yenye folda ya maneno mawili, na kengele imekufa.

Kilichobaki ni folda ya mitihani. Nilimwambia profesa afute tu hizo folda nne zilizoingia, kumbe alikuwa na yake inaitwa Share, ya maswali anayowapa wanafunzi, na kwa Windows Share na share ni kitu kimoja, vikachanganyikana. Hivi ninavyoandika kanitumia ujumbe: "Kijana wangu, hili faili la Lisp ni swali la ngapi?"